Nilivyokwenda Tabora Kujaribiwa Tarumbeta

Ndugu zangu,

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kisimani au kanisani ananiuliza neno lilelile: "Ilikuwaje huko Tabora?" Wengine nimewajibu kwa mkato. Wengine nimewaambia tutaongea, kisha hatukuongea. Sasa nasikia habari zangu zinazunguka kijijini bila mimi. Kuna wanaosema nilifukuzwa. Shemeji yangu anasema nilipewa kazi nikaikataa kwa kiburi. Basi nimeona niandike yote tangu mwanzo, msomewe pamoja, anayetaka kucheka acheke mara moja yaishe.

Kutoka nyumbani hadi Kaliua

Kwa ajili ya vijana na wageni wetu, nianze kwa kusema kwamba hapa misheni zamani tulikuwa wapigaji wanne. Mchungaji wa kwanza, yule Mzungu mwenye miwani, alitufundisha kusoma nota kabla hatujajua vizuri kusoma barua. Lazaro alipiga tarumbeta ya kwanza, mimi ya pili, Yakobo ya tatu, na Benyamini alipiga tromboni. Alfajiri ya Pasaka tulisimama makaburini, kila mmoja kwenye pembe yake, tukawapigia waliolala.

Lazaro alifariki kwa homa. Mwaka uleule mke wangu Rakeli naye akafariki, na hatukuwa tumejaliwa mtoto. Yakobo alikwenda machimboni, na Benyamini alikwenda pwani kwenye mkonge. Hawakurudi. Nikabaki mimi na sauti ya pili. Mchana natengeneza madawati na milango, jioni napiga sauti ya pili ya nyimbo za watu wanne, na ninyi mkazoea, mkadhani ndivyo nyimbo zenyewe zilivyo.

Baada ya Pasaka alikuja Bwana Seif, yule mfanyabiashara wa Tabora anayenunua nta na asali kwetu. Alinikuta napiga nyuma ya karakana, akasimama na fimbo yake mpaka nilipomaliza.

"Fundi Asafu," akasema, "wewe unapiga hivi kwa ajili ya nyani?"

Akanieleza kwamba mjini Tabora kumefika okestra kutoka Dar es Salaam, watu ambao kazi yao ni muziki na hawana nyingine. Mkubwa wao ni Mgoa, Bwana Menezes. Mpiga tarumbeta wake mmoja amerudi kwao, naye anamtafuta mwingine kabla hawajapanda treni ya Mwanza. Seif alikuwa amemsikia kwa masikio yake akilalamika.

Sikulala vizuri tena. Sikuwazia mshahara wala mji. Niliwazia kukaa kwenye kiti, kushoto kwangu mtu na kulia kwangu mtu, wote tukiangalia karatasi moja.

Kabla ya kuondoka nilifanya mazoezi kama mtu anayejiandaa kwa vita. Asubuhi sauti ndefu, mpaka pumzi inakwisha. Mchana, nikiwa napiga randa, vidole vyangu vya kulia vinabonyeza hewa. Jioni nyimbo zote za kitabu cha misheni, na nyimbo mbili za matembezi ya kijeshi alizotuachia mchungaji. Kisha nikaifunga tarumbeta kwa kanga ya Rakeli, kwa kuwa sanduku la tarumbeta lililiwa na mchwa zamani, nikaibeba mikononi ili isigongwe na matawi ya njiani.

Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Njia ya kwenda Kaliua ilikuwa maji matupu kwenye mbuga, na kwenye miinuko matope yanayovua viatu. Niliogopa kuifunua tarumbeta kwenye unyevu, kwa hiyo njia nzima sikupiga hata sauti moja. Nilikula michembe niliyobeba, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikalala kwa mlina asali mmoja ambaye hakuniuliza hata jina. Asubuhi aliniambia tu, "Mto umepungua, vuka sasa."

Kaliua, na treni isiyokuja

Kaliua nilikuta watu wamejaa stesheni kama gulio. Kulikuwa na familia nzima za Waha waliokuwa wakitafuta kazi, wanawake wenye kuku kwenye matenga, na mafundi waliotoka Mpanda na masanduku yao. Bwana steshen alitoka, akasema maji yamekula tuta la reli upande wa Urambo, treni haijulikani itapita lini. Akarudi ndani, akafunga dirisha.

Tulisubiri. Mama mmoja alipika ugali wa muhogo na nsansa, ile mboga ya majani makavu, chini ya paa la bati, tukala kwa zamu kwa sababu sahani zilikuwa chache. Mimi nilikuwa mgeni wa kila mtu. Waliokuja kwa makundi walizungumza kwa makundi, na aliyekuwa peke yake aliulizwa tu, "Hapo pana mtu?" kisha wakakaa na kunigeuzia mgongo.

Siku iliyofuata nikaona midomo yangu inalegea kwa kukosa kazi. Nikaenda nyuma ya tangi la maji, mbali kidogo, nikafungua kanga, nikapiga sauti moja ndefu ya kupashia moto.

Nilipofungua macho niliona vumbi. Watu walikuwa wanakimbia kutoka kila upande wa mji. Kuku walikuwa wameachiwa, mzee mmoja kabeba godoro kichwani, mama mpishi kashika sufuria yenye ugali ndani. Walikuwa wamesikia sauti wakaamini treni inaingia. Walisimama kwenye jukwaa wakitazama reli tupu, huku na huku, mpaka mmoja akaniona mimi na shaba yangu.

"Ni yule," akasema.

Hawakunipiga. Pengine ingekuwa heri, kwa maana kipigo kina mwisho. Walinitazama tu, kisha wakaanza kutafuta kuku zao. Bwana steshen akaja na kofia mkononi.

"Baba, wewe ni askari?"

"Hapana bwana. Ni seremala."

"Basi kapige seremala huko msituni."

Mchana ule nikaamua kutembea. Niliambiwa treni za Tabora zinafika mpaka Urambo na kugeuza hapo. Njia ya zamani ya misafara inakwenda sambamba na reli, wakati mwingine kusini mwake, wakati mwingine inaivuka, na babu zangu waliitembea wakiwa na pembe mabegani mpaka pwani. Nikasema, wao walibeba pembe za ndovu, nami nimebeba pembe ya kupuliza. Sikuwa na wa kumwambia mzaha huo.

Kaliua hadi Urambo kwa miguu

Njia ilikuwa nyeupe kwa mchanga uliooshwa na mvua. Nilipita miembe ya zamani iliyosimama kwa mstari porini, dalili kwamba watu walipumzika hapo wakitema kokwa, na sasa hakuna hata kibanda. Kimya kilikuwa kikubwa. Nikapiga kidogo kila nilipopumzika. Mahali pamoja niliona vijana wawili wakiacha majembe na kutokomea vichakani, na jioni nikaambiwa na bibi mmoja kwamba walidhani serikali imeanza tena kukusanya watu wa vita.

"Waambie watoke," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa kanisa."

"Hao nao walikuja kukusanya watu," akanijibu, akaendelea kupepeta.

Siku ya pili ya njia ndipo balaa lilinipata. Nilikaa chini ya mninga uliotundikwa mzinga juu, bila kuuona. Nikanyanyua tarumbeta, nikapiga ule mstari wa juu ambao ulikuwa ukinishinda tangu nyumbani. Nyuki hawapendi mstari ule. Walishuka wachache tu, namshukuru Mungu, na mimi nikakimbia, lakini mmoja alinichoma mdomo wa juu, katikati kabisa, pale panapokaa kipulizio.

Anayepiga tarumbeta ana mdomo ule tu. Seremala akikatwa kidole hushika nyundo kwa vingine. Nilisimama njiani nikiugusa, nikiusikia unavimba kama andazi kwenye mafuta. Nililia, nasema kweli. Sikulia kwa maumivu.

Nikaendelea kutembea nikiwa nimeikumbatia tarumbeta ndani ya kanga, kichwa chini. Ndivyo nilivyofika kwenye nyumba ya mama mmoja kabla ya Urambo. Jina lake nilikuja kulijua baadaye kuwa Nyamizi, mama wa makamo, mume wake akifanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Alikuwa anakoroga kitu jikoni nje. Aliponiona akaweka mwiko chini.

"Mwangaluka, baba."

Nilijaribu kuitika salamu yake. Mdomo ukatoa sauti ya bubu.

Akanitazama machozi, akatazama kanga mikononi mwangu, jinsi nilivyoibeba. Uso wake ukabadilika.

"Ana homa?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nikatikisa kichwa. Nilitaka kusema si mtoto. Nikasema, "Hi ntoto."

"Ndiyo, mtoto. Kaa, baba. Kaa kivulini. Mama yake yuko wapi?"

Hilo aliuliza kwa desturi tu. Lakini mimi nilikuwa nimetembea siku nyingi bila mtu kuniuliza habari ya Rakeli, na kanga ile ni yake, na mdomo haukuwa na nguvu ya kueleza. Nikaonyesha chini, kwenye udongo. Hiyo ilikuwa kweli. Mama yule akafunika mdomo wake kwa kiganja. Akaingia ndani mbio, akatoka na uji mwembamba wa ulezi kwenye kibuyu kidogo, akaupoza kwa kuumimina huku na huku, akapiga magoti mbele yangu na kijiko cha mbao.

"Mfungue uso kidogo," akasema. "Hata akinywa matone."

Nikafungua kanga.

Shaba iling'aa pale juani. Mama Nyamizi alikaa vilevile, kijiko hewani, uji ukidondoka kwenye goti lake. Nilingojea acheke, maana kitu chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, au akasirike. Hakufanya lolote. Alitazama tarumbeta, akanitazama mimi, akauona sasa ule mdomo, akaelewa ni nyuki. Halafu akauliza:

"Lakini mama yake kweli amekufa?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Basi uji umeshapoa," akasema. "Kunywa wewe."

Nikanywa uji wa mtoto, kijiko kwa kijiko, kwa pembe ya mdomo. Akanitoa mwiba kwa ukucha, akanipaka kitu kichungu cha majani, akanilaza kwenye ghala la mahindi. Kesho yake alinisindikiza mpaka panapoonekana reli. Njiani alizungumza yeye peke yake, habari za mifugo na za mume wake asiyekuja nyumbani ila mwisho wa mwezi. Tulipoagana akaifunga ile kanga upya, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi.

Treni ya Urambo ilikuwepo. Nililala njia nzima, nikaamshwa na watu wakishuka.

Tabora, nyumba ya Bwana Seif

Seif alinipokea barazani kwake kwa kahawa chungu na halua, akautazama mdomo wangu muda mrefu.

"Huyo ni wewe au ni ndugu yako?" akauliza.

Nikamweleza kwa taabu. Akasema okestra bado ipo, inapiga kwenye ukumbi karibu na stesheni, na Menezes hajapata mtu. "Lakini fundi, kuna jambo. Baba yetu amefariki tangu nilipotoka kwenu. Mama yumo ndani, anakaa eda. Nyumba hii kwa sasa haina hata kinanda cha mkono. Utanisamehe."

Nikampa pole, nikaona aibu kwa mzigo wangu. Sikuwa na haja ya kupiga wakati huo hata hivyo, mdomo haukuweza. Nilipewa chumba cha uani. Kutwa nilikaa kitandani na tarumbeta mapajani, nikisoma nota nilizokariri na kubonyeza vibonyezo bila kupuliza. Vilitoa sauti ndogo, tok, tok-tok. Nje nilisikia mji mzima: wauza maji, mafundi bati, adhana, treni zikipanga mabehewa. Watu wengi kiasi kile sijawahi kuwa karibu nao, na hakuna aliyejua kama nipo.

Nilikosea. Alikuwapo mmoja. Siku moja alasiri sauti ya mwanamke ilitoka upande wa pili wa ukuta, ukuta wenyewe ni wa udongo na juu haukufika darini.

"Mgeni. Unatengeneza nini humo?"

Nikajua ni Bi Salma, mamake Seif. "Shikamoo mama. Sitengenezi kitu. Najifunza."

"Marahaba. Unajifunza nini kwa kugonga?"

Nikamweleza tarumbeta, okestra, mdomo. Akauliza, "Na ukigonga hivyo, wewe unausikia wimbo wenyewe?"

"Nausikia, mama. Nusu yake."

"Mimi nami nimekaa na marehemu tangu nikiwa mwali. Sasa nazungumza naye, najibu mimi, nauliza mimi." Akakohoa. "Endelea kugonga. Nilidhani ni panya, nikasema hata panya ni afadhali."

Tangu siku hiyo tulizungumza kila alasiri kupitia ukuta. Sikuona uso wake mpaka naondoka. Aliniuliza watu wa kwetu wanapika nini, Rakeli alikuwa mtu wa namna gani, kama ni kweli Wanyamwezi wa porini hula nsansa mwaka mzima. Mdomo ulipopungua uvimbe nilimwambia nitahitaji kupiga kwa sauti, na kwa hiyo nitahama. Jioni nikasikia akimwita mwanawe.

"Seif, mgeni ataka kuondoka kwa sababu yangu?"

"Mama, majirani watasema nini? Tarumbeta kwenye nyumba ya eda?"

"Sikusema apige arusi. Mtu anatafuta kazi yake. Ghala la karanga lina milango, au halina?"

Basi nikafanyia mazoezi ndani ya ghala, milango imefungwa, magunia yamepangwa mpaka juu. Karanga zinameza sauti. Nilipiga kwa nguvu zangu zote na ilinirudia kama mtu anayenong'ona mtoni. Mdomo uliuma, ukatoa damu kidogo, halafu ukakaa sawa. Mstari wa juu ulioniletea nyuki ukatoka safi. Niliporudi chumbani, sauti ya ukutani ikaniambia, "Leo hukukosea ile ya juu." Sijui alisikiaje.

Ukumbini

Bwana Menezes alikuwa mtu mwembamba, suti nyeupe, masharubu ya kijivu, Kiswahili chake cha Dar es Salaam kikienda mbio. Watu wake walikuwa wamekaa nusu duara: fidla, klarineti, saksafoni, tromboni, ngoma, Wagoa wengi na Waafrika kadhaa. Kiti kimoja kilikuwa kitupu karibu na mpiga klarineti, Hamisi, Mzaramo mwenye meno yenye mwanya. Alinitabasamia kabla sijasema neno.

"Piga unachokijua," akasema Menezes.

Nikapiga wimbo wa misheni, kisha matembezi ya kijeshi. Walinisikiliza vizuri. Menezes akamtazama mpiga fidla wa kwanza, naye akaitika kwa kichwa.

"Sauti unayo," akasema. "Nani kakufundisha sauti hiyo? Haya, kaa. Tuipige pamoja."

Nikakaa. Kushoto kwangu Hamisi, kulia kwangu mpiga tromboni. Ndugu zangu, nilikuwa nimefika.

Ilikuwa walsi, muziki wa dansi ya Kizungu. Ukurasa wangu ulikuwa na nota chache mwanzoni, halafu alama za kunyamaza, mstari baada ya mstari, halafu nota chache tena. Menezes akanyanyua fimbo, tukaanza, nikapiga zangu, nikanyamaza. Nikahesabu. Fidla zikapanda, klarineti ikaingia, na mimi nikaingia.

Menezes akasimamisha. "Tarumbeta, bado."

Tukarudia. Nikahesabu kwa makini zaidi, nikiikaza mikono, nikaingia. Bado tena. Mara ya tatu niliingia katikati ya wimbo wa Hamisi kama mbuzi anayeingia kanisani. Mpiga ngoma akacheka, akanyamazishwa.

Menezes akaja akasimama mbele yangu. Hakukasirika.

"Bwana Asafu, umepiga peke yako muda gani?"

"Miaka mingi, bwana."

"Nasikia. Pakiwa kimya, wewe unaogopa. Unakimbia kwenda kwenye zamu yako, kama vile hakuna mtu mwingine wa kupiga." Akaonyesha zile alama kwenye karatasi. "Hapa hupumziki. Hapa wenzako wanapiga, na wewe unapiga nao kwa kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya tarumbeta kwenye okestra. Kupiga ni dakika chache tu."

Alikuwa amesema kweli, na mimi sikuwahi kuijua mpaka alipoisema. Nyumbani palipokuwa na nafasi ya Lazaro au ya Benyamini nilikuwa nikiiruka. Nani angevumilia kusimama pale amenyamaza, akingoja watu ambao hawapo?

Hamisi akainama akaninong'oneza, "Ndugu, usihesabu. Nisikilize mimi. Nikishuka chini kabisa, nikapumua, wewe ingia."

Tukapiga tena. Nikaacha kuhesabu. Nikamsikiliza akipanda, akizunguka, akishuka, nikamsikia anavuta pumzi, na nikaingia. Sikuisikia tarumbeta yangu. Nilidhani imeziba. Kumbe ilikuwa imo ndani ya nyingine zote, kama chumvi kwenye mboga, na nikaogopa, halafu sikuogopa tena. Tulipomaliza Menezes alikuwa ananiangalia.

"Mara moja kati ya nne," akasema. "Sikia, Bwana Asafu. Kuna mtu anakuja kutoka Dodoma, nimepata habari zake jana. Amekaa kwenye bendi maisha yake yote. Nikikuchukua wewe nitahitaji mwaka wa kukufundisha kungoja, na Mwanza wananingoja mimi. Lakini yeye hajafika, na Jumamosi alasiri tunapiga hapa. Utapiga?"

Nikapiga. Huo ndio ukweli mnaoutafuta. Nilipiga Jumamosi moja, suti ya kuazima ikinibana makwapa, ukumbi umejaa, na watu wengine wamesimama nje madirishani. Mahali pengi niliingia sawa. Mahali pamoja sikuingia kabisa kwa hofu ya kuwahi, na Hamisi akaipiga sehemu yangu kwa klarineti bila hata kunitazama. Mwisho tukasimama sote kwa pamoja. Wenzangu waliinama, mimi sikujua kwamba watu huinama, nikabaki nimesimama wima katikati yao, na watu wakipiga makofi.

Mtu wa Dodoma alishuka na treni ya siku iliyofuata. Mnene, mchangamfu, midomo migumu kama ngozi ya ngoma. Nilikuwa ukumbini kurudisha suti. Alikaa kwenye kile kiti, akapuliza mara moja, nikajua Menezes hakukosea. Akaniona nimesimama.

"Wewe nawe ni wa hapa?" akaniuliza.

"Hapana, ndugu. Nilikuwa nimekushikia kiti."

Akanishukuru kwa moyo mmoja. Nikamwonyesha mahali pa walsi panapohitaji kuisikiliza klarineti, ingawa yeye hakuhitaji kuonyeshwa.

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Reli ilikuwa imetengenezwa. Seif alinisindikiza mpaka stesheni, na Bi Salma aliniambia kupitia ukuta, "Nenda salama. Sasa nitawaombea panya warudi." Kwenye behewa nilikaa na wafanyabiashara wa samaki wa Kigoma, walionipa dagaa wa kukaanga na kucheza karata juu ya magoti yangu bila kuniuliza. Kutoka Kaliua nilitembea katika njia iliyokauka. Nyumba yangu niliikuta kama nilivyoiacha, mlango umefungwa kwa kamba, na buibui amefanya kazi yake.

Siku ya tatu tangu nifike, nilitoa tarumbeta jioni, nikasimama nyuma ya karakana. Mihayo, jirani yangu, alikuwa anapita na ng'ombe zake. Nilipiga wimbo wa zamani, ule wa wanne, sauti ya pili. Nilipofika pale Lazaro anapoanza peke yake, niliishusha tarumbeta, nikanyamaza.

Mihayo akasimama. Akangoja kidogo.

"Mbona umekatisha?" akauliza. "Mdomo unauma?"

"Sijakatisha," nikamwambia. "Nasubiri zamu yangu."

Akanitazama, kisha akatazama uwanja mtupu mbele yangu. Hakuuliza zaidi. Aliwaacha ng'ombe wajiendee, akakaa kwenye gogo, akanyamaza pamoja nami mpaka zamu yangu ikafika.